Daftari la Marekebisho

Walimwita Koili, na jina hilo alilitolea jasho. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili alikaa siku tatu kwenye kigoda akizungusha koili ya waya mwembamba kama unywele kwenye transfoma iliyoungua, akihesabu mizunguko kwa sauti, na kila aliyepita kumsalimia alijibiwa kwa namba. "Habari za asubuhi?" "Mia nane na kumi na mbili." Siku ya tatu amplifaya ikawaka, na jina likaganda.

Studio yake ilikuwa chumba cha uani kilichowahi kuwa stoo ya mkaa. Kilikuwa na urefu wa hatua tano na upana wa hatua nne, na kuta zake zilifunikwa kwa treya za mayai na mablanketi mazito. Katikati alisimamisha ukuta mwembamba wenye kioo kilichotoka kwenye basi bovu: mwimbaji upande huu, fundi upande ule. Mikrofoni ilisimama kwenye chuma cha kuning'inizia dripu. Miksa ya njia kumi na mbili ilimjia ikiwa maiti, na yeye akaifufua. Humo ndani hapakuwa na kifaa kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani. Vyote alikuwa amevifungua, akatoa kilichomchosha na kutia alichokiamini.

Na kila alichokitenda alikiandika. Alikuwa na daftari la jalada gumu, lenye alama za lehemu na chai, ambalo kila ukurasa ulibeba tarehe, kilichotolewa, kilichowekwa na sababu yake. Vipuri vya zamani havikutupwa; alivitia kwenye makopo yenye vibandiko. "Ukifungua kitu bila kuandika," alimwambia mkewe, "utakifunga kwa kubahatisha."

Wimbo wa kwanza kabisa kurekodiwa mle ulikuwa wa dada yake. Huyo ndiye mzaliwa wa kwanza na Koili ndiye kitinda mimba, na baina yao palikuwa na miaka kumi na minne. Kwa hiyo alimbeba mgongoni kabla ya kumwita mdogo wake. Watu walimwita Chiriku. Mdomo wake haukujua likizo, na sauti yake ilipanda bila kuomba ruhusa. Aliimba kwenye harusi, kwenye mahafali, hata kwenye foleni ya maji. Akiingia studio, Koili alikuwa akizima mashine robo saa nzima, kwa sababu alijua lazima kwanza habari za mtaa ziishe.

Mambo yalianza kugeuka miaka minne kabla ya haya ninayoyasimulia.

Siku moja Koili aliona sauti zimefifia. Herufi zile za juu, zile *s* na *sh* zinazokata kama wembe, zilikuwa zimepoteza makali. Alifungua miksa, akaona kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zimezeeka, jambo ambalo ni kweli huzipata kapasita, akazibadilisha. Akaandika: *Sauti ya juu imepungua. Nimebadilisha kapasita mbili, njia ya kwanza.* Akasikiliza, akaridhika. Baada ya miezi mitatu ukungu ukarudi. Akafungua tena, safari hii akabadilisha rezista ili kuikaza sauti ya juu zaidi. Akaandika. Ukungu ukarudi. Akaivua mikrofoni kitambaa chake cha ndani. Akaongeza nguvu kwenye njia ya pili, ya tatu, ya nne. Akaandika, akaandika, akaandika.

Mkewe aliona mengine. Aliona mume haitiki akiitwa kutoka jikoni. Aliona redio inapiga kelele mpaka jirani anasalimia kupitia ukutani. Mwanzoni alikasirika. "Mume wangu ameoa miksa," alimwambia Chiriku. "Mimi nimebaki kuwa mpangaji." Wifi yake alicheka, lakini siku ile hakuendeleza mzaha, na kwa Chiriku kutoendeleza mzaha lilikuwa tukio.

Mwalimu wa kwaya iliyokuwa ikija kila mwezi akaacha kuja. Alipoulizwa, alijibu kwa adabu kwamba kwaya imepumzika kidogo, ingawa kila Jumapili kwaya ilisikika mtaa mzima haijapumzika hata dakika moja. Mpiga gitaa zito, rafiki wa Koili wa miaka thelathini aliyejulikana kwa jina la Besi, alivaa vipokea sauti siku moja, akavivua kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Koili, mbona kali hivi?"

"Wewe umezoea kukaa chini huko na besi yako. Sauti ya juu utaijulia wapi?"

Besi akarudi kulikaza gitaa lake. Urafiki wa miaka thelathini nao una woga wake. Mtu huogopa kuuvunja kwa sentensi moja. Nyuma ya mgongo watu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walidhani wanamsema mtu mkaidi, wala hawakujua wamegusa penyewe.

Kisha Chiriku akaugua. Moyo wake ulikuwa umepanuka, daktari akamwambia apumzike. Akajibu kwamba atapumzika sana, ila kwanza ana nyimbo kumi na moja kichwani na hataki kwenda nazo. Akaja studio kila Jumanne na Alhamisi, saa sita mchana, wakati kinu cha nafaka cha jirani kilipozimwa kwa chakula. Miguu ilimvimba, kwa hiyo aliimba akiwa ameketi, na mkewe Koili alimwekea mto mgongoni.

Wiki ya pili alisikiliza kazi yao, akakunja uso.

"Mdogo wangu, hii sauti inanikwaruza. Nasikika kama msumari kwenye bati."

"Ngoja niifungue."

"Usiifungue! Kila ukiifungua inazidi."

Koili akacheka. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, Dada. Mwimbaji akichoka, lawama kwa mashine."

Chiriku alimtazama kupitia kioo cha basi. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Kisha akaweka mto wake sawa.

"Haya. Fundi ni wewe. Washa."

Alasiri ile, dada alipokwisha kwenda, Koili aliifungua miksa. Lilikuwa rekebisho la hamsini na tatu. Alikaza sauti ya juu mpaka mwisho, na hatimaye, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, aliisikia tena *s* ya dada yake, nyembamba na safi kama ya zamani. Alifurahi hata akamwita mkewe aje asikilize. Mkewe alisimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, akasema, "Nimesikia."

Nyimbo kumi na moja zikaisha kwa wiki saba. Wiki mbili baadaye Chiriku akaenda zake, asubuhi, akiwa katikati ya kumweleza nesi habari za mtu fulani. Habari ile haikupata mwisho.

Siku ya tano baada ya maziko, ndugu walikusanyika sebuleni kwa marehemu. Binti yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alimgeukia Koili. "Mjomba, tuletee zile nyimbo za Mama. Tumsikie."

Koili alikwenda kuzichukua, akabeba na spika zake mbili, zile nzuri. Alizipanga juu ya kabati, akapangusa vumbi kwa kiwiko, akabonyeza. Yeye akaisikia sauti ya dada yake inajaza chumba, tamu, ya mbali kidogo, kama mtu anayeimba chumba cha pili. Akafumba macho.

Alipoyafumbua, aliziona nyuso.

Shemeji yake, mume wa marehemu, alikuwa ameinamisha kichwa na taya limekaza. Yule binti mwalimu alikuwa amejishika sikio moja, kisha akajikumbuka, akajifanya anatengeneza kitambaa cha kichwa. Wengine walitazama sakafu. Na mjukuu wa marehemu, mtoto wa miaka mitatu ambaye bado hajafundishwa heshima za msibani, aliziba masikio yote mawili kwa viganja akaanza kulia.

"Waya," Koili alisema. "Waya umelegea." Akaenda nyuma ya kabati, akakaza hiki, akagusa kile. Mtoto akazidi kulia. Ndipo Besi aliponyanyuka kutoka kwenye kiti chake cha pembeni, akavuka sebule, akaizima.

Akamshika mkono mpaka nje, kwenye kivuli cha ukuta, akasimama mbele yake uso kwa uso.

"Hakuna waya uliolegea."

"Basi ni spika. Nilizibadilisha..."

"Koili, nitazame. Spika ni nzima. Zile nyimbo zinachoma. Kila akisema *s*, inapasuka. Kwenye nyimbo zote. Umeziharibu wewe, ndugu yangu. Mashine hazina kosa. Ni masikio yako."

Koili akauliza jambo ambalo Besi hakulitarajia: "Tangu lini?"

"Miaka mitatu. Labda minne."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Besi akalia, yeye kwanza.

Hospitali ilikuwa na kijumba kidogo kilichozibwa sauti, chenye kioo. Nesi alimketisha Koili ndani, akamvika vipokea sauti, akampa kitufe. Kila ukisikia mlio, bonyeza. Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyeketi upande wa vitufe, na leo alikuwa upande wa mwimbaji. Milio ya kwanza, ile minene, aliisikia. Akabonyeza, akabonyeza. Halafu kimya. Alidhani nesi anapumzika. Alipoinua macho, alimwona kupitia kioo: kidole chake kilikuwa kikifanya kazi bila kusimama, kikishuka na kupanda, na hakuna kitu kilichokuja.

Karatasi aliyopewa ilikuwa na mstari ulioanza vizuri upande wa kushoto, ukaenda, kisha ukaporomoka kama njia iliyofika ukingo wa genge.

"Unafanya kazi gani, baba?" nesi aliuliza, akisogea mbele ili aonekane midomo.

"Umeme," alisema Koili. "Natengeneza pasi."

Nyumbani alilitoa daftari, akaiweka ile karatasi kando yake. Alisoma kuanzia ukurasa wa kapasita mbili za njia ya kwanza. *Sauti ya juu imepungua. Sauti ya juu imepungua tena. Mikrofoni imechoka. Njia ya nne nayo.* Mwandiko wake mwenyewe, safi, wenye tarehe. Kwa miaka minne aliandika hatua kwa hatua jinsi masikio yake yalivyokufa, akidhani anaandika habari za mashine.

Kesho yake asubuhi alishusha makopo, akaanza kurudi nyuma. Kutoka la hamsini na tatu kwenda la hamsini na mbili, kisha la hamsini na moja. Kutoa, kuweka, kulehemu, kupima kwa mita. Mikono haikutetemeka, mikono ilikuwa mizima. Mkewe aliketi kando akimsomea vibandiko vya makopo, akimgusa bega kabla ya kusema ili amgeukie. Siku ya nne, walipofika la arobaini, Koili aliweka chini chuma cha kulehemu.

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile mlangoni. Ulisema umesikia."

"Nilisikia, mume wangu. Ndiyo maana nilisimama mbali."

"Kwa nini hukuniambia? Ningempeleka kwingine. Angerekodiwa na mtu mwenye masikio!"

Mkewe alilishika kopo kwa mikono miwili. "Nilitaka kukwambia. Wifi alinikataza. Nilimwambia, wifi, nyimbo zako zinaharibika. Akasema anajua. Alisema, 'Akijua leo ataacha leo, na mimi sitaki mtu mwingine nyuma ya kile kioo.' Nikamwambia, wifi, ni nyimbo kumi na moja hizo, hazitarudi. Akaniambia..." Akaanza upya, polepole, ili midomo yake isomeke. "Akaniambia, 'Zikiharibika, zitakuwa zimeharibiwa na mdogo wangu.'"

Koili alitoka nje. Alikwenda akasimama karibu na ukuta wa kinu cha nafaka, mahali ambapo mtu anaweza kulia bila kusikiwa, akakaa huko mpaka kinu kikazimwa.

Kazi ile iliwachukua siku kumi na moja. Miksa ikarudi kama ilivyokuwa, au kwa jinsi mita ilivyosema kwamba imerudi. Besi alizichukua nyimbo za Chiriku akazipeleka studio nyingine, kwa fundi mwenye vyombo vya kisasa. Fundi huyo akapunguza ukali, akalainisha, akafanya alichoweza. Ukali ulipungua. Lakini palipopasuka palibaki pamepasuka, na pale pasipo kitu hakuna fundi anayeweza kurudisha kitu; maji yakimwagika hayazoleki. Watoto wa marehemu walizipokea hivyo hivyo. Shemeji alizisikiliza mara moja, akaziweka kabatini, na hakuna aliyemlaumu.

Koili alikwenda kuomba radhi. Shemeji alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia yamekwisha. Lakini hakumkaribisha chai. Mambo yao yalibaki hivyo zaidi ya mwaka: salamu kamili, habari za nyumbani, na kila mmoja njia yake.

Kurekodi aliacha. Siku hizi Besi ndiye anayeketi kwenye kiti, na mwalimu wa kwaya ameleta watu wake kwa aibu kidogo na mkungu wa ndizi. Koili amehamishia meza yake barazani, anatengeneza amplifaya za watu. Hajaribu kwa sikio. Anaamini mita tu. Kifaa kikipona, mwenyewe husikiliza na kuinua dole gumba, na Koili hukifunga skrubu zake. Wengine hunyoosha dole gumba mapema mno, kwa huruma, na hao anawajua.

Mwaka wa pili, siku ya mapumziko ya shule, yule mpwa wake mwalimu alikuja barazani akamkuta anakwangua kutu. Koili akamwomba jambo.

"Nisomee maneno ya nyimbo za Mama. Ukae hapa mbele yangu. Anza na ule wa saba."

"Kwa nini wa saba, Mjomba?"

Koili aliona haya, akashughulika na bisibisi. "Ule aliniimbia mimi. Wa kuniaga. Siku ile nililia pale kwenye miksa, yeye akanishangaa. *Kaka wangu, nakuachia nyumba...* Halafu anasema hataniuliza niliyoyala jana. Nikajua amenisamehe yote. Kwa mwaka mzima huu nimeshikilia ule wimbo."

Mpwa wake alitazama mlango wa nyumba, kama anayetafuta mtu wa kumsaidia. Watu wote walikuwa wamekwisha kumficha huyu mzee mambo ya kutosha, naye alikuwa mwalimu. Akavuta kiti mbele, akasema kwa midomo iliyofunguka vizuri:

"Mjomba, si *kaka*. Ni *paka*."

"Nani?"

"Paka. Nyau. *Paka wangu, nakuachia nyumba, lala mlangoni usilale chumbani. Ulichokula jana sitakuuliza, mradi panya wasijue nimesafiri.*"

Koili aliyafuata maneno kwenye midomo yake mpaka neno la mwisho. Uso ukabaki wazi. Kisha tumbo likaanza kumtikisika, bisibisi ikaanguka, akacheka mpaka mkewe akatoka mbio jikoni na mikono ya unga.

"Paka!" alisema. "Nimemlilia paka! Na Dada hajapata hata kufuga paka!"

Mpwa alicheka naye, mkewe akacheka bila kujua sababu, na katikati ya kicheko Koili akaanza kulia, na wote wawili waliona lakini hawakujua kilipoishia kimoja na kuanza kingine. Mkewe alimpangusa, akamwacha na unga shavuni.

Baada ya muda aliokota bisibisi, akaisogeza amplifaya pembeni ili imwachie nafasi ya kumwona mpwa wake vizuri.

"Haya," alisema, "rudia wote. Taratibu. Halafu uniambie wa nane unasemaje."

Nyimbo zilikuwa kumi na moja. Siku ile walisoma tatu.